Vidole Ni Viwili

Kettle Narrows, 28 Septemba 2008

Kwa mpwa wangu Darrell, beki wa kukodishwa,

Salamu nyingi kama mbu wa Juni. Mimi ni mzima kupita kiasi. Jana nimepanda paa, mzee wa miaka sabini na minne, nikafagia bomba la moshi peke yangu, nikashuka ngazi napiga mluzi, na jirani yangu Impi Salmela amesimama uani kwake mdomo wazi.

Haya, ni uongo. Nilipanda vidato vitatu. Kamba za viatu zilikuwa wazi, maana mgongo umekataa kuinama kuzifunga. Nikajikanyaga, nikaning'inia pale kama samaki kwenye ndoana mpaka Impi akaja kunishusha. Alinishika makalio bila hodi. Mjane yule ana mikono ya mpasua magogo. Bomba amelifagia yeye.

Mama yako hajambo. Dada yangu Aune ni yuleyule, analalamika kwamba humwandikii. Nikamwambia mimi unaniandikia. Akanirushia kitambaa cha vyombo, kikatua kwenye supu ya samaki. Najua simu ipo, lakini sikio langu la kushoto nililiacha kwenye ukuta wa uwanja mwaka 1961, na la kulia husikia mambo yasiyonihusu tu. Basi endelea kuandika.

Sasa jambo lenyewe. Nasikia umechukuliwa tena, safari hii na timu ya magongo ya barafuni ya Fort Hadley. Hiyo ni timu ya kumi na moja au ya kumi na mbili? Hata mbwa asiye na mwenyewe hajalala kwenye baraza nyingi hivyo. Una miaka thelathini na minne, na kwenye barafu huo ni umri wa babu. Mama yako anasema zimebaki mechi arobaini na mbili utimize elfu moja, ndipo watakupa gongo lililopakwa fedha. Mimi niliishia mia nne na kumi na moja, nikapewa mkono wa kwaheri na kuachwa na meno tisa.

Wamekupima kichwa? Siku zetu kulikuwa na daktari mmoja mwenye sigara, anakuinulia vidole mbele ya pua, umtajie ni vingapi. Nilikufundisha tangu hujaota ndevu: vidole ni viwili. Daima viwili. Mtu mwenye sigara hana subira ya kuinua vitatu. Usije ukasahau.

Mjomba wako mwenye sura nzuri,
Onni Rautio


Fort Hadley, 17 Oktoba 2008

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia ndani ya basi, mchana kweupe, usicheke mwandiko. Mke wangu Colleen hajambo, bado anafanya kazi duka la dawa. Binti yetu Tessa ametimiza miaka saba na jino la mbele limeng'oka. Ameniambia, "Baba, sasa na mimi ni beki." Msalimie Impi, mwambie asante kwa kukushusha, na pole kwa alichoshika.

Kupima kichwa siku hizi si vidole, ni kompyuta. Septemba, kabla ligi haijaanza, unaketishwa, unaoneshwa maneno na maumbo, halafu unaulizwa umeona nini. Alama zako zinawekwa. Ukigongwa katikati ya msimu unapimwa tena, na alama zikishuka unakaa nje mpaka zipande. Kwa hiyo kila mtu hujifanya mjinga Septemba, ili asiwe na pa kushukia. Kipa wetu alibonyeza jibu lilelile mwanzo hadi mwisho mpaka mashine ikamkataa. Na mimi nikajifanya. Nimepata alama za kisiki. Murray, anayetutunza majeraha, alitazama karatasi yangu akaniambia, "Haapala, kwa alama hizi sijui asubuhi unavaaje suruali." Chumba kizima kilicheka.

Jumamosi nimepigana. Kijana mmoja anaitwa Vandermeer, miaka ishirini na mmoja, shingo kama ya fahali. Adabu anayo, aliuliza kwanza. Akanigusa goti kwa gongo.

"Babu, tucheze?"

"Mama yako anajua uko nje?"

"Vua glovu, babu."

Nikavua. Ya kwanza nilimpiga juu ya jicho, nyama ikafunguka kama mkate. Yake ilinikuta kwenye sikio, nikasikia kengele ya kanisa. Tukashikana jezi, tukapigana kama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, hadi akateleza akapiga goti. Nikamwacha. Ameshapiga goti, yamekwisha. Tukaenda kila mtu kwenye kizimba chake cha adhabu, dakika tano, damu inadondoka viatuni, akanipungia mkono. Mtoto mzuri.

Ni mechi ya mia tisa na sitini. Nahesabu.

Mpwa wako,
Darrell


Kettle Narrows, 9 Novemba 2008

Mpwa wangu, kisiki mwenye suruali,

Salamu. Ziwa limeanza kushika barafu pembeni. Impi ameniletea mkate wa iliki, akaketi mpaka nikamaliza, kana kwamba ningeuza. Mama yako ameteleza kanisani kwenye ngazi, hakuvunjika kitu, ila mchungaji aliyemdaka sasa anatembea kwa fimbo.

Umenichekesha na huyo Vandermeer. Umenikumbusha Gaston Beaupré, wa timu ya kiwanda cha karatasi. Huyo alikuwa hapigi mtu, anapigilia, kama misumari. Mwaka 1963 alinivunja pua upande wa kushoto, na wiki mbili baadaye akanivunja upande wa kulia, ikarudi katikati. Nilimshukuru. Nami nilimkata ulimi kwa kidevu chake mwenyewe, nilimpiga kutoka chini, meno yakafunga ulimi ukiwa nje. Alitema kipande kwenye barafu, refa akakifunika kwa kofia yake, eti watoto wasione. Watoto walikuwa wamepanda juu ya wavu kuona vizuri.

Lakini nieleze, mimi sikusoma sana. Huko kujifanya mjinga, ulijifanyaje? Kipa wenu alibonyeza jibu moja, hilo nimelielewa. Wewe ulifanyaje? Ulichagua makosa, au yalikuja yenyewe? Mjinga halisi nataka kujifunza kwa mjinga wa kuigiza.

Viatu vyangu bado natembea navyo kamba wazi. Impi anasema nasikika kama farasi aliyekata hatamu.

Mjomba wako,
Onni


Fort Hadley, 16 Desemba 2008

Shikamoo Mjomba,

Samahani nimechelewa. Nilivunjwa mfupa wa shavu. Beki mwenzangu alipiga kisahani cha mchezo kwa gongo, kwa nguvu zake zote, na mimi nikawa njiani. Sauti yake ni kama kukanyaga ganda la yai. Nimevalishwa kinyago cha plastiki, Tessa amekichora masharubu. Nimekaa nje mechi tatu tu.

Kuna kichekesho. Wiki iliyopita tulikuwa ugenini, mji niliochezea mwaka juzi. Nikapigana na jitu lao, tukachanana vizuri, nikamaliza dakika zangu tano kizimbani. Mlango ukafunguliwa, nikateleza moja kwa moja hadi benchi, nikaketi, nikanywa maji. Jirani yangu akanitazama.

"Haapala, umehamia?"

Lilikuwa benchi lao. Uwanja mzima ulicheka, kocha wao akanipigia makofi, na mimi nikainama kama mwigizaji. Timu zimekuwa nyingi, Mjomba, makalio yanajiendea yenyewe.

Tumefika mia tisa sabini na tisa. Colleen amempeleka Tessa kwa bibi mzaa mama kwa Krismasi, watakaa kidogo huko, kuna utulivu zaidi. Wakati mwingine sauti za sahani jikoni zinaniudhi.

Krismasi njema.

Darrell


Kettle Narrows, 4 Januari 2009

Darrell,

Salamu za mwaka mpya. Mama yako alipika nguruwe, na Impi akamwambia ni mkavu. Hawajasemeshana tangu hapo, na mimi nakula nyumba zote mbili. Sauna yangu imepata ufa. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nimesoma kichekesho chako cha benchi. Nimecheka hadi mstari wa tatu.

Hujajibu nililokuuliza. Basi nitangulie mimi, maana mzee ndiye hupima kina cha maji, akizama vijana wanarudi.

Nilikuambia vidole ni viwili, nikakuambia ni ujanja. Sikiliza ujanja wenyewe. Machi 1966, tunacheza na timu ya kiwanda cha karatasi. Beaupré alinipigiza kichwa kwenye nguzo ya goli. Kichwa kitupu, siku hizo aliyevaa kofia aliitwa mama mkwe. Daktari akaja, nikasema, "Viwili!" kabla hajauliza. Akacheka, akanipiga kofi la mgongo. "Rudi, Rautio." Nikarudi. Mke wangu Sylvi, Mungu amrehemu, alikuwa amesimama nyuma ya wavu. Aliniambia baadaye: daktari hakuinua kidole. Mkono wake ulikuwa mfukoni, anatafuta kiberiti.

Sikusema viwili kwa ujanja. Sikuona mkono. Sikumwona hata daktari. Niliona sigara ikiongea.

Nikamkuta Beaupré amepiga magoti, anaokota glovu yake. Unajua sheria yetu, haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: aliyepiga goti haguswi. Nilimpiga saba. Sylvi alihesabu. Ya nne ilifungua taya, ya saba hakukuwa na uso wa kupokea, nilikuwa napiga barafu kupitia kwake. Alikula kwa mrija hadi viazi vilipochimbwa, na kiwanda hakikumrudisha kazini.

Mimi sikumbuki hata ngumi moja. Wala sikumbuki masika ile. Lempi wangu alizaliwa Aprili. Kuna picha, nimembeba, nacheka. Nimeitazama miaka arobaini na miwili, na yule mwanamume aliyembeba mwanangu simjui.

Nakuuliza mara ya pili. Septemba ulijifanya?

Onni


Kettle Narrows, 11 Februari 2009

Darrell,

Barua yangu ya Januari imeliwa na dubu? Mama yako mzima, Impi mzima, nguruwe amesamehewa. Mimi najiuliza kama hujajibu kwa sababu huna jibu au kwa sababu unalo.

Mjomba


Fort Hadley, 27 Februari 2009

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka kwenye kiatu cha barafu cha kulia. Nimecheza mechi kumi naikanyaga.

Colleen hajarudi. Tessa ananipigia simu Jumapili. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Jumanne tulicheza na kina Vandermeer. Ilikuwa mechi yangu ya mia tisa tisini na sita. Hakuuliza kwa utani safari hii, kocha wake alikuwa amemsukuma. Akasema tu, "Samahani, babu, nimetumwa." Nikamwambia, "Kazi ni kazi, mwanangu." Tukavua glovu.

Alinipata mara mbili kwenye panja, hapa, juu ya sikio. Baada ya hapo yote ninayoandika nimeyaona kwenye video, sikuwapo. Kwenye video nampiga mbavuni, anainama. Nampiga kisogoni, anapiga magoti. Magoti yote mawili, Mjomba, na mkono mmoja ameuinua, kiganja wazi, namna ileile tunayofanya sote: basi, yamekwisha. Namshika ule mkono. Nampiga usoni, tena, tena. Waamuzi wawili wamening'inia shingoni kwangu na bado napiga. Nilihesabu kwa sababu ya barua yako. Ni tisa.

Taya imevunjika pande mbili, jicho moja hawajui. Niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikamuuliza kipa wetu tumeshinda ngapi. Alinitazama mikono.

Murray akanipima pale pale kwenye kompyuta. Nikabonyeza, nikabonyeza. Akalinganisha na Septemba, akashusha pumzi. "Sawasawa kabisa. Hujapungua hata alama moja. Uko safi, Haapala."

Sikujifanya, Mjomba. Nakujibu sasa. Septemba walipokuwa wenzangu wanacheka na kubonyeza ovyo, nilijiambia, ngoja mara moja nijaribu kweli, nijue nimesimama wapi. Nilijaribu kama mtu anayeinua gari. Maneno yalikuwa matano: daraja, sufuria, farasi, blanketi, kengele. Yakafutika. Nikabaki na daraja. Nayajua leo kwa sababu baadaye nilimwomba Murray aniandikie, nikamwambia ni kwa ajili ya utani. Murray akasema lile la suruali, wakacheka, nikacheka kuliko wote.

Nilimpigia simu Vandermeer hospitali. Meno yamefungwa waya. Akasema kupitia waya, "Hamna neno, babu, ni mchezo." Nililia mbele ya duka la dawa, hapo Colleen alipokuwa akifanya kazi, watu wananipita.

Nimefungiwa mechi sita. Adhabu inaisha na narudi Ijumaa tarehe 13 Machi. Murray amesema niko safi, karatasi inasema niko safi. Zimebaki nne. Nne tu, Mjomba. Miaka kumi na minne, timu kumi na mbili, hakuna anayejua jina langu hata pale ninapoishi. Gongo moja la fedha nimpe Tessa. Wanaliandika jina.

Usiniambie nifanye nini.

Darrell


Kettle Narrows, 7 Machi 2009

Mpwa wangu Darrell,

Salamu. Mama yako hajambo, hajui, na sitamwambia mimi. Impi hajambo, anajua, kwa sababu macho yangu yaliishia kwenye mbavu za Vandermeer na yeye akamalizia kunisomea. Aliposoma lile la mkono ulioinuliwa alisimama akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Barua hii siitii posta. Nampa mwana wa Impi, anaendesha lori la magogo, atapita Fort Hadley Jumatatu akuwekee mkononi. Ni mtu mkubwa kuliko wewe, usijaribu kuvua glovu.

Umesema nisikuambie ufanye nini. Sawa. Lini nimewahi kukuambia kitu cha maana? Nilichokufundisha maishani ni kimoja, nacho kilikuwa uongo. Nimekikanyaga mimi miaka arobaini, wewe umekikanyaga mechi kumi, na kila mmoja wetu amemvunja mtu aliyepiga magoti. Beaupré alikufa mwaka 1988. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma kabisa. Mjane wake alinijua. Alinipa kahawa. Mpaka leo ile kahawa haijashuka. Wewe Vandermeer wako yu hai na ana masikio. Nenda ukaketi karibu na kitanda chake, mwache akuite babu.

Nilifunika barua yako kwa mkono nikajipima na maneno yako matano. Nimepata mawili. Farasi, na sufuria. Kwangu mimi siku zote ni viwili.

Gongo la fedha ni zuri. Mtoto wa Impi alishinda la kwake kwenye mashindano ya kuvua samaki, limo stoo, panya wanalipenda. Tessa, nijuavyo mimi, ameshapata kitu chako: pengo la jino la mbele. Akiwa mkubwa ataitazama picha ambayo umembeba. Mimi nataka uwe unamjua mwanamume aliye kwenye ile picha.

Hayo si ushauri. Ni porojo za mzee. Sasa nije kwenye nilichoandikia barua hii, maana nina shida yangu na nimechoka kungoja.

Tangu una miaka minne hadi una miaka kumi na mmoja, nani alikufunga kamba za viatu vya barafu? Baba yako alikuwa mgodini. Mama yako alivuta kama anafunga zawadi. Ni mimi. Nilipiga magoti kwenye theluji pale ziwani, mikono mitupu kwa sababu kwa glovu huwezi kukaza, baridi inakata kucha, nakukazia kamba tundu kwa tundu mpaka unalia, "Mjomba, inabana!" Nakwambia, "Isipobana utavunja kifundo." Fundo la kwanza, fundo la pili, kofi la matako, nenda. Kila asubuhi ya majira saba ya baridi. Sikuwahi kukudai.

Leo nakudai. Mgongo wangu hauinami tangu Septemba. Msimu mzima wa baridi nimeburuta kamba, nimeanguka mara nne, ya mwisho mbele ya mchungaji. Impi amejitolea kunifunga nikamkatalia, kwa sababu mwanamke akishakufunga viatu umeoa.

Nataka nifungwe Ijumaa. Si Alhamisi, si Jumamosi. Ijumaa hii, tarehe 13, saa za mechi. Basi la kuja huku linatoka Fort Hadley asubuhi, nimeuliza. Nitakuwa nimeketi kwenye kiti cha jikoni, miguu mbele, viatu vimevaliwa, kamba zimelala sakafuni. Uje, upige magoti, unifunge. Mafundo mawili, na kaza mpaka nilie.

Mjomba wako,
Onni Rautio